Mkutano wa kwanza wa kuacha pombe nchini Uganda: mwongozo kamili wa kuupata, kuuhudhuria na kurudi tena

Hunijia mara kwa mara mtu ambaye alikwenda kutafuta mkutano wa watu wanaoacha pombe akarudi bila kuuona. Mmoja alikuta jengo limefungwa. Mwingine alifika saa sita mchana kwa mkutano wa saa kumi na mbili jioni. Wa tatu aliketi ndani saa nzima, akatoka bila kujua jina la mtu hata mmoja. Wote watatu walikunywa usiku uleule, na wote waliniambia kwamba mikutano haifai.

Mwongozo huu nimewaandikia wao, na hasa wale wanaoishi kwa Kiswahili hapa Uganda: madereva wa malori wanaolala Malaba na Busia, askari na familia zao, wafanyabiashara wa Arua, na ndugu zetu kutoka Kongo walioko katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali.

Ninaposema mkutano ninamaanisha kikao cha watu wenye tatizo la pombe wanaosaidiana wao kwa wao, pasipo daktari wala mhubiri wa kuwasimamia. Ushirika unaojulikana zaidi ni Alcoholics Anonymous, ambao kila mtu huuita AA. Sharti la kujiunga nao ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Hakuna fomu ya kujaza wala ada ya kulipa.

Mkutano wa kwanza una kazi moja, nayo ni kukuwezesha kutoka na namba ya simu ya mtu mmoja asiyekunywa pamoja na siku ya mkutano unaofuata. Ukiutarajia ukuponye siku hiyohiyo, utatoka umevunjika moyo. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kuelekea kwenye namba hiyo.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye salio la kupiga, na bando kama utatumia intaneti.
- Kalamu na karatasi, kwa sababu simu huzima chaji na huibwa.
- Nauli ya kwenda na kurudi, ambayo umeitenga jana yake. Nauli ya kurudi iwe mfuko mwingine au iwe mikononi mwa mtu unayemwamini.
- Jina moja la kutumia. La kwanza linatosha.
- Mtu mmoja anayejua unakokwenda na saa utakayorudi.
- Nafasi ya saa tatu hivi katika siku yako. Mkutano wenyewe huchukua kama saa moja, wakati mwingine saa moja na nusu, lakini unahitaji muda wa kufika mapema na wa kubaki kidogo baada ya kumalizika.

## Hatua ya 1: Pima mwili wako kabla ya kuacha

Hatua hii huja kabla ya kutafuta mkutano, kwa sababu watu wamekufa kwa kuiruka. Mtu anayekunywa sana kila siku, na hasa yule anayelazimika kuzimua asubuhi ili mikono itulie, hapaswi kuacha ghafla akiwa nyumbani peke yake. Mwili uliozoea pombe kwa muda mrefu huasi inapoondolewa.

Dalili za kwanza huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho: kutetemeka, jasho, kichefuchefu, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea. Degedege linaweza kutokea ndani ya siku mbili za kwanza, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huweweseka, huona au kusikia vitu visivyokuwapo, na hawajui walipo. Hali hiyo huua isipotibiwa.

Ikiwa umewahi kupata degedege au kuweweseka ulipojaribu kuacha, au unatetemeka kila asubuhi, nenda kwanza kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne au hospitali. Mweleze mhudumu mambo manne bila kupunguza: unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, ulikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na yaliyokupata ulipoacha zamani. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili ya Butabika, mjini Kampala, ina kitengo cha pombe na dawa za kulevya, na hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Gulu, Arua na Mbale zina vitengo vya afya ya akili. Serikali iliondoa ada katika huduma za kawaida za hospitali zake mwaka 2001, kwa hiyo usiahirishe kwa kudhani ni lazima ulipe ili uonwe.

Onyo: usijitibu kwa vidonge vya usingizi au vya kutuliza ulivyonunua dukani. Vikichanganyika na pombe vinaweza kusimamisha pumzi.

Utajua hatua hii imekamilika pale mhudumu wa afya atakapokuwa amekuambia ama uache ukiwa nyumbani, ama ulazwe kwanza, na wewe ukawa umetii.

## Hatua ya 2: Tafuta mtu kabla ya kutafuta mahali

Vikundi huhama. Chumba kilichoazimwa kanisani hurudishwa kwa wenyewe, mwenye ufunguo hupata uhamisho wa kazi, siku hubadilishwa. Ndiyo maana anwani peke yake haitoshi, na namba ya simu ya mshiriki aliye hai ina thamani kuliko bango lolote.

Anzia kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali iliyo karibu nawe, hata kama hukulazwa pale. Washauri nasaha wanaohudumia watu wa pombe kwa kawaida huvijua vikundi vya eneo lao, na wengi wao wanao wagonjwa wa zamani waliokubali kupigiwa simu na wageni. Uliza hivi: "Naomba unipatie namba ya mtu aliyeacha pombe anayehudhuria mkutano." Ukiuliza tu mkutano uko wapi, utaelekezwa kwa mkono na kuachwa uendelee.

Pili, tovuti ya AA ya kimataifa ina ukurasa wa kutafuta AA kwa nchi. Utakachokikuta hapo kichukue kama pa kuanzia, kisha ukithibitishe kwa simu.

Tatu, waulize viongozi wa dini na wahudumu wa afya wa kijiji. Ukiona aibu kumkabili padri wako au imamu wako, mwendee wa mtaa mwingine. Hili nalisisitiza kwa ndugu zangu Waislamu, kwa kuwa nimewaona wengi wakikaa na tatizo miaka kwa kuogopa kwamba kulitaja ni kukiri dhambi mbele ya jamaa. Chumba cha mkutano hakikuulizi dini yako.

Onyo: mtu akikudai kiingilio, au akakuuzia dawa ya kukuchukiza pombe kama sharti la kuingia, huyo si AA.

Hatua imefanikiwa ukiwa na namba mbili. Moja haitoshi, kwa kuwa simu ya kwanza mara nyingi haipokelewi.

## Hatua ya 3: Piga simu kabla ya kutoka nyumbani

Hapa ndipo wengi hukwama, na hapa ndipo nilipokwama mimi.

Mara yangu ya kwanza nilitegemea karatasi iliyobandikwa kwenye ukuta wa zahanati moja. Kikundi kilikuwa kimehama zamani, na hakuna aliyeibandua karatasi ile. Nilimkuta mlinzi, mzee mwenye rungu na redio ndogo iliyoning'inia shingoni, akanitazama kisha akasema, "Wale watu wa pombe? Waliondoka." Kilichoniumiza ni kwamba hata mlinzi alikuwa amejua nilichokifuata. Nilipanda boda boda, nikamwambia kijana anishushe kabla ya kufika nyumbani, mbele ya kilabu cha malwa, pombe yetu ya kienyeji, na nauli yangu ya kesho yake ikaishia palepale. Simu ya dakika tatu ingeniepusha na yote hayo.

Piga asubuhi, ukiwa hujanywa, na useme maneno machache:

"Habari ya leo, ndugu. Naitwa Musa. Nina tatizo la pombe, na nimeambiwa unahudhuria mkutano. Naomba nikuulize mambo machache."

Anayepokea naye alipiga simu ya namna hii siku moja. Usimweleze historia yako yote. Muulize haya, huku ukiandika majibu:

- Je, wiki hii mkutano upo, na ni siku gani?
- Unaanza saa ngapi, na ni asubuhi, mchana au jioni?
- Ni jengo lipi, mlango upi, na nikifika nimwulize nani?
- Ni mkutano wa wazi au wa ndani? Wa wazi huruhusu ndugu au rafiki kukusindikiza mpaka ndani. Wa ndani ni wa wenye tatizo la pombe peke yao.
- Lugha ni gani, na je, naweza kuzungumza Kiswahili?
- Je, kuna mtu anayeweza kunisubiri langoni?

Swali la saa linahitaji uangalifu wa pekee. Sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko, wenzetu wanaozungumza Kiingereza wanahesabu kuanzia usiku wa manane, na mtu mmoja hutumia hesabu zote mbili ndani ya mazungumzo mamoja. Ukiandikiwa 18:00, hiyo ni saa kumi na mbili jioni. 17:30 ni saa kumi na moja na nusu. Yule aliyefika saa sita mchana alikuwa ameandikiwa tarakimu 6 tupu. Rudia saa kwa kulitaja jua: "Yaani jua likikaribia kuzama?" Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, hivyo jibu la ndiyo au la litakutosha. Kumbuka vilevile kwamba mkutano wa saa kumi na mbili utamalizika gizani. Panga usafiri wa kurudi mapema.

Kuhusu lugha, mjini Kampala jiandae kusikia Kiingereza kilichochanganyika na Kiluganda. Usikate tamaa kwa sababu hiyo. Ukiuliza mapema, mara nyingi atapatikana mmoja wa kuketi kando yako na kukunong'oneza.

Hatua imekamilika ukiwa na karatasi yenye siku, saa, mlango na jina la mtu anayekutarajia. Kutarajiwa kuna nguvu: ni vigumu zaidi kupitiliza lango ukijua kuna aliyesimama anakungoja.

## Hatua ya 4: Siku yenyewe

Kula kabla ya kwenda. Njaa na kiu ya pombe hufanana mwilini kuliko watu wanavyodhani, na rolex moja ya barabarani, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, inaweza kukufikisha salama.

Chagua njia isiyopita mbele ya baa yako, hata ikiwa ndefu. Usikubali miadi ya "kikombe kimoja cha kuaga". Fika dakika 15 kabla, kwa sababu anayechelewa huingia akitazamwa na wote, na hofu hiyo huwarudisha wengi nyumbani.

Je, kama umeteleza ukanywa mchana? Nenda hivyo hivyo, maadamu umetulia na hujaendesha chombo. Kwa kawaida aliyekunywa siku hiyo hupewa kiti na kuombwa asikilize tu. Usibebe chupa.

## Hatua ya 5: Ndani ya chumba

Utakuta viti vimepangwa kwa duara au safu chache. Mwenyekiti wa siku hiyo ni mshiriki kama wengine, na zamu hubadilika. Hufungua kwa kusoma maneno mafupi kuhusu AA, na vikundi vingi huongeza dua fupi ya kuomba utulivu, ujasiri na hekima. Baada ya hapo mtu mmoja mmoja huzungumza, akianza kwa jina lake la kwanza na kusema kwamba yeye ni mlevi. Wengine humwitikia kwa salamu, kisha hunyamaza mpaka amalize.

Kunyamaza huko huwashangaza wageni. Hakuna anayemjibu msemaji, kumshauri au kumkosoa, na si kwa ubaridi wa moyo. Mtu ambaye kwa miaka amesemwa na mke, mwajiri na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, hupata mahali ambapo anaweza kumaliza sentensi yake. Nawe usimkatize mtu, hata kama una neno jema.

Zamu yako ikifika una njia tatu, na zote zinakubalika. Unaweza kusema, "Naitwa Musa, leo nitasikiliza." Unaweza kusema ni mara yako ya kwanza na ukanyamaza. Au unaweza kueleza kwa dakika mbili tatu kilichokuleta. Mgeni hufaidika zaidi kwa kusema angalau kwamba ni mgeni, kwa sababu baada ya mkutano watu watamjia wenyewe.

Kapu au bahasha hupitishwa kwa ajili ya chai na kodi ya chumba. AA hujitegemea kwa michango ya hiari ya wanachama wake. Mgeni hatarajiwi kutoa, na ukitoa shilingi 1,000 hakuna anayehesabu.

Jambo la Mungu hutajwa sana katika hatua 12 za AA, yaani mpango wake wa kuacha pombe, lakini linasemwa kwa namna ya kumwachia kila mtu amwelewe kadiri ya imani yake. Vikundi vingine hufunga kwa sala ya Kikristo huku watu wameshikana mikono. Asiyeifuata husimama kimya. Mwislamu atakayehudhuria mkutano wa jioni aketi karibu na mlango, atoke kwa Magharibi, na arudi kwenye kiti chake. Kumweleza mwenyekiti mapema kunatosha.

Maonyo mawili nayaweka hapa kwa uzito. La kwanza: siri ya mkutano ni ahadi ya heshima baina ya watu, haina ulinzi wa kisheria kama ule wa daktari na mgonjwa wake. Kwa hiyo makosa yanayoweza kukufikisha mahakamani yapeleke kwa wakili, na chumbani zungumzia pombe. La pili nawaambia hasa akina dada: msaada wa karibu utafute kwa mwanamke mwenzako, na ukikutana na mshiriki nje ya mkutano, iwe mchana na mahali penye watu. Wengi chumbani ni wema, lakini wagonjwa hawaponi wote kwa siku moja.

## Hatua ya 6: Dakika kumi baada ya kufunga

Usikimbie. Baki, kunja kiti, pokea chai. Mwendee mtu wa jinsia yako ambaye maneno yake yalikugusa, umwambie: "Naomba namba yako, nikupigie nikizidiwa." Iandike kwenye karatasi na kwenye simu, kisha mpigie palepale ili naye abaki na yako.

Kesho yake mpigie hata kama hujazidiwa. Simu ya kwanza ya salamu tu hufungua njia ya ile ya saa tano usiku, wakati mkono unapokaribia chupa. Baadaye, mkizoeana, unaweza kumwomba awe mdhamini wako, yaani mtu aliyekaa muda bila pombe ambaye atakutembeza katika hatua 12.

Ukiondoka na namba na siku ya kurudi, mkutano umefanya kazi yake, hata kama hukuelewa nusu ya yaliyosemwa.

## Hatua ya 7: Rudi kabla ya kutoa hukumu

Hudhuria angalau mara sita kabla ya kusema kikundi hakikufai, na ikiwezekana ujaribu vikundi viwili tofauti. Kuna desturi ya kuhudhuria mikutano 90 katika siku 90 za mwanzo. Kwa mtu wa Kampala mwenye intaneti hilo huwezekana. Kwa mtu wa kijijini Isingiro ni mzigo, na mkutano mmoja kwa wiki pamoja na simu moja kila siku ni mpango wa kweli.

Ukinywa katikati, mpigie yule mtu kabla ya mkutano unaofuata. Aibu ya kurudi huwaangamiza wengi zaidi ya kinywaji chenyewe. Wa nyumbani nao wana kikao chao: Al-Anon ni ya ndugu na wenzi wa watu wenye tatizo la pombe.

## Ikiwa hakuna mkutano ulipo

Njia ya kwanza ni mkutano wa mtandaoni. Ushirika wa AA una orodha ya mikutano ya saa zote katika lugha nyingi, mingi ikiwa kwa Zoom, na wasiopenda mambo ya dini wanaweza kujaribu ile ya SMART Recovery. Kabla ya kuingia, badilisha jina linaloonekana libaki la kwanza tu, zima kamera, na utumie vipokea sauti. Kusikiliza bila video kunakula bando kidogo kuliko kutazama.

Hesabu saa vizuri. Uganda iko saa 3 mbele ya saa ya dunia inayoandikwa UTC, na haibadilishi saa zake mwaka mzima, ilhali Uingereza na Marekani hubadilisha. Mkutano wa 19:00 UTC kwetu ni 22:00, yaani saa nne usiku. Mkutano wa saa sita mchana New York utausikia saa mbili usiku majira yao ya baridi, na saa moja usiku majira yao ya joto.

Njia ya pili ni kuanzisha kikundi. Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wanaokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi kikundi hicho hakifungamani na taasisi nyingine. Tafuta mwenzako mmoja, azimeni darasa au chumba cha kanisa, chagueni siku moja na saa moja, wala msiibadilishe kwa miezi mitatu ya kwanza. Mjulisheni mshauri nasaha wa hospitali iliyo karibu na mhudumu wa afya wa kijiji, na muwaachie namba zenu mbili.

Wiki kadhaa mtakuwa wawili tu, na mtashawishika kufunga mapema. Kaeni saa nzima, mlango ukiwa wazi na kiti cha tatu kikiwa kimewekwa, kwa sababu mgeni huzunguka jengo mara mbili tatu kabla ya kuingia, na huenda akaingia zikiwa zimebaki dakika kumi.